Je, Mwenye Njaa Akikubali, Bei Imekuwa ya Haki?



Safari hii twataka kuuliza swali ambalo kwa kulisikia laonekana jepesi, lakini ukiketi nalo jioni moja utaona kwamba lina mizizi. Swali ni hili: bei ya haki ni ipi? Tukisema kwamba huyu amenunua kwa haki na yule amedhulumu, twapima kwa kipimo gani? Wengi watajibu upesi kwamba bei ya haki ni ile waliyopatana muuzaji na mnunuzi, kila mmoja kwa hiari yake, pasipo kushikiana rungu. Jibu hilo si la kipuuzi. Karibu biashara yote ya dunia hupita katika mlango huo. Lakini hapa kwetu bondeni iko miezi miwili mitatu ya mwaka ambayo jibu hilo halitoshi, nasi sote twaijua.

Twasema Februari na Machi. Mpunga uko shambani, umesimama vizuri, unadai palizi. Ghala ni tupu, maana akiba ya mwaka jana imekwisha kwa Noeli na kwa sare na madaftari ya Januari. Mtoto akishikwa na homa usiku, hakuna cha kuuza ila kuku, na kuku wenyewe wawili. Ndipo mtu afikapo nyumbani na fedha mfukoni. Hachukui kitu siku hiyo. Aacha fedha, aandika jina katika daftari, na patano ni kwamba mavuno yakiwadia atarudi kuchukua gunia lake.

Tufanye hesabu kama tulivyokuwa tukiifanya ubaoni, na tarakimu hizi ni za mfano tu. Mtu apewa shilingi 40,000 mwezi wa Februari, naye ataleta gunia moja mwezi wa Juni. Mwezi huo wa Juni, gunia lile sokoni ni shilingi 80,000. Basi amekopa 40,000 na kulipa 80,000 kwa muda wa miezi minne. Riba ni asilimia mia moja, na mwaka haujafika nusu. Lakini katika daftari lile neno riba halimo. Limeandikwa neno gunia. Mwanafunzi wa darasa la sita aweza kuifanya hesabu hiyo akiulizwa vizuri. Tabu ni kwamba mwenye njaa hapewi swali kwa mtindo wa hesabu.

Tena gunia lenyewe ni gunia gani? Mnunuzi akija Juni huja na gunia lake, nalo hujazwa hadi mdomoni, kisha huongezewa kichwa juu na kushonwa kwa kamba kama mtu aliyevikwa kilemba. Hiyo ndiyo lumbesa. Sheria ya Vipimo haikubali, na Wakala wa Vipimo wametangaza mara nyingi kwamba gunia la mazao lisizidi kilo 100 na kwamba mazao yauzwe kwa mizani. Twasikia matangazo hayo redioni, na nje twaona magari yanapita na magunia yenye vilemba. Kwa hiyo aliyekopa Februari hulipa mara mbili: mara ya kwanza kwa bei, mara ya pili kwa kilemba.

Tusidhani kwamba mambo haya ni ya Malinyi peke yake. Wenzetu wa Kagera wamekuwa nayo katika kahawa kwa miaka mingi, nao huiita butura, yaani kuuza kahawa ingali maua mtini. Kule Mbinga huitwa magoma. Wenzetu wa Mtwara na Lindi wana kangomba, ambapo korosho hununuliwa kwa chombo na si kwa mizani, nje ya utaratibu wa ushirika. Jambo lililopata jina lake katika kila mkoa halikuzuka jana, wala halikuletwa na mtu mmoja mbaya.

Sasa turudi kwenye swali. Yule mama alikubali. Hakuna aliyempiga. Pengine alishukuru, na pengine alisema Mungu akubariki. Je, dhuluma iko wapi?

Tuchukue mfano wa mto wetu. Mtu ameanguka majini, katika Kilombero, wakati wa masika, naye hajui kuogelea vizuri. Mwenye mtumbwi amfikia na kumwambia: nitakuokoa, lakini shamba lako la ekari tatu litakuwa langu. Yule aliye majini atakubali. Atakubali upesi kuliko alivyowahi kukubali jambo lolote. Wala mwenye mtumbwi hakumsukuma majini. Tena ni kweli kwamba bila yeye mtu yule angekufa. Hata hivyo hakuna kijiji katika bonde hili ambacho kingemwacha mwenye mtumbwi achukue lile shamba, na wazee wangemwita mchana kweupe. Kwa nini? Kwa sababu twajua ndani ya mioyo yetu kwamba neno ndiyo lina uzito pale tu ambapo neno hapana liliwezekana. Hiari ya kweli ni ya mtu ambaye angeweza kukataa na bado akala jioni ile. Aliye majini hana hapana ya kusema, na kwa hiyo ndiyo yake haiwezi kumhalalishia mwingine kila kitu.

Lakini tuwe waangalifu hapa. Mwenye mtumbwi anastahili kitu. Alipiga kasia, aliloa, alihatarisha chombo chake. Asipopewa kitu kabisa, huenda kesho akafunga mtumbwi wake na kulala. Nasi tumewasikia wanunuzi wetu wakijitetea kwa maneno ya namna hii, na tumeona kwamba si maneno matupu. Wasema hivi: benki haimkopeshi mama asiye na hati, sisi twamkopesha. Maji yakija yakachukua mpunga, kama yalivyochukua katika mafuriko ya mwaka 2024, fedha zetu nazo zimekwenda na maji. Wengine hukimbia na deni. Wengine huuza mpunga usiku kwa mtu mwingine. Barabara ya masika huvunja springi za gari, na fundi hachukui maombi badala ya fedha.

Yote hayo ni kweli, na ajidaiye kuwa mtetezi wa wanyonge pasipo kuyasikia hajafika mbali. Hatari ina bei yake. Mtu alipwe kwa hatari aliyoibeba. Lakini basi tuihesabu. Kati ya watu kumi waliokopa, ni wangapi hawakulipa? Kama ni mmoja, ile riba ya asilimia mia haielezwi na hatari. Yaelezwa na jambo jingine, nalo ni kwamba mkopaji hakuwa na mahali pengine pa kwenda. Ile sehemu ya faida itokanayo na jasho na hatari ni halali ya mwenyewe. Ile sehemu itokanayo na kukosa pa kwenda kwa jirani yake, hiyo ndiyo twaiuliza. Tena liko jambo la daraja. Kabla ya Daraja la Magufuli kufunguliwa mwaka 2018, mpunga wetu ulingoja kivuko, na mwenye gari alihesabu siku za kungoja katika bei. Siku hizo za kungoja zimeondoka. Je, zimeondoka pia katika hesabu ya mnunuzi, au zimebaki pale kama mgeni aliyesahau kuaga?

Jambo la pili ni la habari. Mrumi mmoja, Cicero, katika kitabu alichoandika mwaka 44 kabla ya Kristo, alitoa mfano ambao walimu wa maadili wameufundisha tangu wakati huo. Kisiwa cha Rhodes kina njaa, na nafaka ina bei kubwa. Mfanyabiashara mwaminifu afika kutoka Alexandria na meli ya nafaka. Njiani ameona meli nyingine nyingi zenye nafaka zikija nyuma yake. Je, awaambie watu wa Rhodes, au anyamaze na kuuza kwa bei ya juu? Cicero awaleta wanafalsafa wawili. Diogenes wa Babeli asema kwamba kunyamaza si kudanganya, kila mtu auze chake. Antipater, mwanafunzi wake, asema kwamba wanadamu ni jamii moja, na kumficha mwenzio jambo linalomhusu kwa ajili ya faida yako ni kuivunja jamii hiyo. Cicero mwenyewe aliamua kwamba yule mfanyabiashara hakupaswa kuficha.

Mfano huu wakaa vizuri Malinyi, ila umegeuzwa. Kule aliyejua alikuwa muuzaji. Kwetu anayejua ni mnunuzi. Yeye ana simu, na jamaa yake yuko Tandale pale Dar es Salaam, naye ajua asubuhi ile mchele wa Kilombero unauzwaje. Bibi aliye shambani ajua bei aliyoambiwa na mtu wa mwisho aliyepita. Wako kati yetu wanaoona kwamba huo ndio ujanja wa biashara, na kwamba kila mtu anunue simu. Sisi twaelekea upande wa Antipater, hasa tukikumbuka kwamba wawili hao, aliyejua na asiyejua, Jumapili hupiga magoti kwenye reli moja.

Kuna wakati tulidhani kwamba swali hili serikali italijibu kwa tangazo. Wa umri wetu wanakumbuka miaka ya 1970, mazao ya chakula yaliponunuliwa na Shirika la Usagishaji la Taifa kwa bei moja nchi nzima, na vyama vikuu vya ushirika vilipovunjwa mwaka 1976. Bei ilikuwa moja kwa wote, na katika hilo ulikuwamo usawa wa namna fulani. Lakini malipo yalichelewa, na mpunga ukakimbilia gizani. Mwaka 1983 walanguzi wakasakwa kwa nguvu. Tulijifunza kwamba bei yaweza kuandikwa ukutani, ikawa sawa kwa wote, na bado isimfikie mkulima. Baadaye biashara ilipofunguliwa tulidhani soko litajibu, na soko likajibu kwa lumbesa.

Miaka hiyo hiyo Mwalimu Nyerere alikuwa akiwalalamikia wakubwa wa dunia. Alisema mara nyingi kwamba trekta lile lile lilidai tani nyingi zaidi za katani kadiri miaka ilivyopita, na kwamba bei zote mbili, ya trekta na ya katani, zilipangwa na wengine. Tulimpigia makofi. Yafaa tuone kwamba mjane wa hapa aweza kusema maneno yale yale juu yetu: jembe na kitenge hukadiriwa na mwenye duka, na mpunga wake hukadiriwa na mwenye gunia.

Huko Ulaya malalamiko ya namna ya Mwalimu yaliwaingia baadhi ya watu, nao wakaanza jambo lililoitwa biashara ya haki. Uholanzi walitoa alama ya Max Havelaar mwaka 1988, ikiwekwa kwenye kahawa ya wakulima wadogo wa Mexico. Uingereza, Wakristo walianzisha Traidcraft mwaka 1979, na kwa miaka mingi katika makanisa mengi ya Kianglikana kulikuwa na meza nyuma ya kanisa, ambapo akina mama waliuza kahawa na chai na sukari baada ya ibada. Kampuni hiyo ilifungwa mwaka 2023, lakini kabla ya hapo ilikuwa imeshiriki mwaka 1991 kuanzisha kahawa ya Cafédirect, ambayo ilinunua kahawa hata kwa ushirika wa Kilimanjaro, KNCU. Chama Kikuu cha Ushirika cha Kagera, KCU, nacho kiliingia katika soko hilo mapema, na sehemu ya fedha za ziada kilizopata kilinunulia hisa za kiwanda cha TANICA pale Bukoba, ili kahawa isiondoke yote ikiwa mbichi.

Kuna mambo matatu katika utaratibu wao yatupasayo kuyatazama. La kwanza ni bei ya chini isiyovukwa. Bei ya kahawa duniani ilipoanguka mwaka 2001 hadi senti 45 hivi za dola kwa ratili, wenye mkataba wa namna hiyo walikuwa na sakafu ya kusimamia. La pili ni ile ziada, ambayo wanachama wenyewe huamua katika mkutano itumikeje. Haya mawili watu huyasifu sana. Lakini la tatu, ambalo halisemwi sana, ndilo linalotugusa sisi: mnunuzi hutakiwa, chama kikiomba, kutanguliza hadi asilimia 60 ya thamani ya mkataba kabla ya mazao kufika. Maana yake, waliotunga kanuni zile walikwisha kuuona mwezi wa Februari. Walitambua kwamba bei nzuri ya Juni haimsaidii aliyekwisha kuuza mwezi wa Februari.

Utaratibu huo una kasoro zake. Vyeti na ukaguzi hugharimu, na chama chaweza kuwa na alama lakini kikauza sehemu tu ya mazao yake kwa bei ya alama, yaliyobaki yakaenda soko la kawaida. Wala alama si lazima iwepo ndipo mtu atendewe vema. Ng'ambo ya mto, pale Mbingu, kampuni ya Kokoa Kamili tangu mwaka 2013 hununua kokoa kwa wakulima wadogo ikiwa mbichi, kwa bei ya juu kuliko ya kawaida, kisha huivundika na kuikausha yenyewe kwa uangalifu, na kuiuza kwa watengeneza chokoleti wa nje. Bei ile yatokana na kazi: kokoa iliyovundikwa vizuri ina ladha, na ladha ina mnunuzi. Twapenda habari hiyo kwa sababu haimfanyi mkulima kuwa maskini wa kuhurumiwa.

Maana hapo pana kosa la fikira ambalo hata watu wema hulifanya. Hudhani kwamba kununua kwa haki ni kutoa sadaka. Sisi twaijua sadaka. Baada ya ibada ya shukrani ya mavuno twafanya mnada, na yai moja laweza kununuliwa kwa bei ya kuku, na jogoo kwa bei ya mbuzi, watu wakishangilia. Hakuna anayedhani kwamba ile ndiyo bei ya yai. Ni zawadi kwa Mungu iliyopita katika yai. Sasa mtu aliyenunua yai Jumapili kwa furaha namna ile, Jumatatu akaenda kuchukua gunia la Februari, amefanya mambo mawili yasiyofutana. Sadaka hutoka katika kilicho changu. Bei ya haki ni kumpa mwenzangu kilicho chake. Nabii Amosi, katika sura ya nane, hakuwakemea wafanyabiashara wa nafaka kwa kukosa sadaka. Aliwakemea kwa kipimo, na kwa kuitamani sabato ipite ili waendelee kuuza. Nayo Torati, katika Kumbukumbu la Torati, yazungumza juu ya mawe ya mizani, na karibu na hapo yakataza kushika rehani jiwe la kusagia la mtu. Jiwe la kusagia ni chakula cha kesho. Mpunga ulio shambani mwezi wa Februari nao ni chakula cha kesho.

Mpunga wetu huliwa zaidi humu humu nchini. Hakuna mama wa Kiingereza atakayeuweka kwenye meza yake nyuma ya kanisa. Wanunuzi wake ni sisi: wenye mashine za kukoboa, wenye maduka, wafanyakazi wa halmashauri, na sisi wastaafu ambao pensheni yetu huingia kila mwezi, iwe masika au kiangazi. Kama kuna watu wa kuitangaza biashara ya haki katika mpunga, hatuna wa kumwagizia.

Kumsema mnunuzi madhabahuni hakutoshi, na kwaweza kuleta madhara. Akiona haya na kuacha kukopesha, Februari ijayo yule mama hatakuwa na yeye wala mwingine. Lazima pawepo mahali pengine pa kwenda. Wenzetu wa Mtwara walipoanza kuuza korosho kwa stakabadhi ghalani mwaka 2007, chini ya sheria ya mwaka 2005, wazo lilikuwa hilo: mtu aweke mazao ghalani, apate karatasi, na karatasi hiyo impatie fedha kidogo huku mazao yakingoja bei. Utaratibu ule umekuwa na manung'uniko yake, lakini wazo ni zuri. Vikundi vya VICOBA tunavyo. Vingi hugawana fedha mwezi wa Desemba, zikaliwa katika sikukuu. Kikundi kinachogawana mwishoni mwa Januari kingefanya kazi kubwa zaidi kwa kubadili tarehe tu.

Kwa upande wa parishi twapendekeza mambo machache kwa baraza la wazee wa kanisa. Sehemu ya mpunga wa shukrani usiuzwe wote mnadani. Magunia kadhaa yawekwe, na Februari yakopeshwe kwa wenye shida, debe kwa debe, na nyongeza ndogo ya panya na unyevu. Pili, inunuliwe mizani moja, nayo ikaguliwe na kupigwa muhuri na Wakala wa Vipimo, ikae mahali ambapo mtu yeyote wa Malinyi, awe wa kanisa letu au la, aweza kupima mpunga wake kabla mnunuzi hajafika. Tatu, bei ya Ifakara na ya Dar es Salaam ibandikwe mlangoni kila wiki ya mavuno. Vijana wenye simu wapo, na hii ni kazi ya dakika tano.

Lililobaki gumu ni ufunguo wa ghala. Majina yanayotajwa kwanza katika mambo kama haya ni ya watu wenye nafasi, na hapa kwetu mwenye nafasi mara nyingi ndiye mwenye daftari. Twaona afadhali kufuli mbili na funguo mbili, mmoja ukae kwa mmoja wa akina mama wanaolima wenyewe na waliowahi kuandikwa katika daftari lile. Mizani ipatikane kabla ya mwisho wa Aprili, kwa kuwa mpunga ukianza kuinama, wanunuzi nao huanza kupita mashambani.